Profesa wa Nyota na Mlango Wake

Usiku wa mwezi wa Mei, kama saa 3 hivi, anga ya Forodhani huwa na jambo ambalo miji mingi mikubwa ya dunia hailipati. Upande wa kusini Msalaba wa Kusini umesimama wima. Upande wa kaskazini nyota saba za Dubu Mkubwa nazo zimefika kileleni mwa safari yao, wakati uleule. Mkaazi wa London hauoni Msalaba huo maisha yake yote asiposafiri, na wa Cape Town humwona Dubu akijiburura kwenye upeo wa macho. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta. Mwaka ukizunguka, karibu anga yote, ya kaskazini na ya kusini, hupita juu ya mapaa ya Mji Mkongwe.

Manahodha walilijua hilo zamani. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, aliandika kwa Kiarabu katika karne ya 15 juu ya njia za bahari, na mwambao huu wa kwetu hadi Sofala ulikuwamo. Chombo cha kupimia kilikuwa kamali: kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Nahodha hushika fundo kwa meno, akaunyoosha uzi, akalinganisha ukingo wa kibao na upeo wa bahari, akajua nyota imepanda kiasi gani. Akishuka kusini ya ikweta, Nyota ya Kaskazini humzamia, naye hana budi kuhamia nyota nyingine. Elimu hiyo ilifundishwa chomboni. Mwanafunzi alikaa ubavuni pa mwalimu, nyota zikiwa juu yao wote wawili, na akikosea husahihishwa palepale.

Mhadhara huu unamhusu mwalimu wa anga wa zama hizi, yaani profesa wa astrofizikia. Yako maswali matatu juu yake: anatafiti nini, alifikaje alipo, na mwanafunzi anamfikiaje. Mazungumzo mengi huishia kwenye mawili ya kwanza. Hapa swali la tatu ndilo litakalobeba uzito, kwa sababu Afrika Mashariki maprofesa hawa wanahesabika, na pale walimu wanapohesabika, kila saa wanayompa mwanafunzi ni sehemu ya sayansi yenyewe.

Kwanza utafiti, na mfano wa karibu uko mwambao huuhuu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la Wataliani la San Marco, lililojengwa baharini karibu na Malindi ya Kenya. Ilibeba setilaiti ndogo ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutafuta eksirei angani peke yake. Marjorie Townsend, mhandisi aliyeuongoza mradi huo huko NASA, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji.

Kwa nini Malindi? Dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi kwenye ikweta, kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. Iko sababu ya pili, na ndiyo iliyowavutia zaidi wanasayansi. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa kwa kiasi kikubwa eneo la juu ya Atlantiki ya Kusini ambako chembe za mionzi huvisumbua vipimo. Eksirei za nyota hazipenyi hewa yetu kufika ardhini. Anayetaka kuzipima hana njia ila kupanda juu.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Centaurus X-3, kilionekana kikipiga kama mshipa kila baada ya sekunde 4.8. Wanasayansi walifahamu kwamba ni nyota ya neutroni, yaani mabaki ya nyota iliyokufa, ambayo hunyonya gesi ya nyota jirani. Gesi hiyo ikianguka hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Kingine, Cygnus X-1, kikawa mgombea wa kwanza madhubuti wa kuitwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza timu ya wanasayansi, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Hadi leo mtafiti wa Tokyo au wa Moscow akiandika jina la chanzo kama 4U 1820-30, ile herufi U ni Uhuru: toleo la 4 la orodha ya setilaiti iliyoondoka kwenye maji ya Malindi. Ingefaa kila mtoto wa skuli za mwambao alijue hilo kabla hajafika kidato cha pili.

Basi profesa anaposema kuwa eneo lake la utafiti ni nyota pacha zinazotoa eksirei, anataja kazi iliyoanzia hapo. Mwingine atasema anatafiti galaksi zenye kiini hai. Huyo anasoma mashimo meusi makubwa mno, yenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya majua, yaliyokaa katikati ya galaksi, na jinsi yanavyoathiri uzazi wa nyota mpya kando yake.

Hapo ndipo anapoingia Mirjana Pović. Ni mzaliwa wa Serbia aliyepata shahada ya uzamivu katika Visiwa vya Kanari, akafanya utafiti Granada, Hispania, na mwaka 2016 akajiunga na taasisi ya sayansi ya anga ya Ethiopia mjini Addis Ababa. Juu ya mlima Entoto, mita 3,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Waethiopia wamesimamisha darubini mbili zenye vioo vya upana wa mita 1. Lakini kazi yake inayomhusu zaidi msomaji wa Unguja ni ya wanafunzi. Yeye na Pheneas Nkundabakura, mhadhiri wa Rwanda, walimsimamia kijana wa Kinyarwanda, Antoine Mahoro, na mwaka 2017 watatu hao walichapisha makala katika jarida la kila mwezi la chama cha kifalme cha elimu ya nyota cha Uingereza, miongoni mwa majarida yanayoheshimiwa sana katika fani hii.

Makala hiyo inastahili kuelezwa kidogo. Galaksi nyingi hugawanyika kwa rangi. Za buluu bado zinazaa nyota kwa wingi. Nyekundu zimezeeka na uzazi umepungua au umekoma. Baina yao kuna chache zilizo njiani, na wanasayansi huliita eneo hilo bonde la kijani. Wengi walidhani shimo jeusi lililo hai huipuliza gesi nje na kuharakisha mwisho wa uzazi. Mahoro na wenzake walitumia vipimo vya darubini ya angani ya Herschel na kuchagua galaksi zinazong'aa katika mwanga wa infraredi ya mbali. Ndani ya bonde la kijani, zile zenye kiini hai zilionekana kuzaa nyota kwa kasi kubwa kuliko zisizokuwa nacho. Huenda basi shimo jeusi huchochea uzazi badala ya kuuzima. Mjadala unaendelea, na sauti moja ndani yake ilianza kama kazi ya mwanafunzi kutoka Rwanda.

Vipimo hivyo havikuchukuliwa Kigali. Vilichukuliwa na chombo cha Ulaya kilichokuwa angani, vikawekwa wazi, na yeyote mwenye kompyuta na maarifa anaweza kuvichota. Gaia, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa Desemba 2013, imetoa orodha ya nyota zipatazo bilioni 1.8, bila malipo. Picha za darubini ya angani ya Hubble ziko wazi, na vipimo vya eksirei vya setilaiti ya Chandra pia. Kwa miaka mingi kijana wa Afrika aliambiwa kuwa elimu ya nyota ni ya nchi zenye darubini kubwa, na neno hilo limewakatisha tamaa wengi waliokuwa na uwezo.

Unguja haitakuwa na darubini kubwa ya utafiti, na sababu yake ni ya maumbile. La Palma, katika Visiwa vya Kanari, ni kisiwa kama hiki, lakini kina kilele cha zaidi ya mita 2,300 kinachotokeza juu ya mawingu. Hapo imejengwa darubini yenye kioo cha mita 10.4. Kisiwa chetu ni tambarare, hewa yake imejaa unyevu wa bahari, na masika huifunga anga kwa majuma. Kinachoweza kutoka hapa ni watu.

Kuna utafiti mwingine ambao ikweta yenyewe ndiyo maabara. Kilomita mia kadhaa juu ya vichwa vyetu, mionzi ya jua huzivua atomi elektroni zake na kufanya tabaka lenye umeme. Karibu na ikweta, jua likishatua, tabaka hilo hufanya mapovu makubwa yanayoyumbisha mawimbi ya GPS, aghalabu kuanzia saa 1 usiku hadi usiku wa manane. Profesa Paul Baki wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya, na Profesa Edward Jurua wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, wamelifanyia kazi tabaka hili pamoja na wanafunzi wao. Kifaa kinachohitajika ni kipokezi cha GPS. Nahodha wa boti ya Pemba na mvuvi wa Nungwi anayetafuta mwamba wake gizani wote wanategemea mawimbi hayo, na hakuna maabara ya Ulaya iliyokaa mahali pazuri pa kuyapima kuliko sisi.

Sasa safari ya kazi. Shahada ya kwanza ya fizikia au hisabati ni miaka 3 au 4. Uzamili ni 2. Uzamivu ni 3 hadi 5, na mara nyingi zaidi ikiwa mwanafunzi anafundisha huku anasoma. Baada yake huja mikataba mifupi ya utafiti, wa huku miaka miwili, wa kule mitatu, kabla ya kupata nafasi ya kudumu. Mtu aliyeanza chuo akiwa na umri wa miaka 19 huweza kufika 35 bado anahama nchi na sanduku lake. Wazazi wa Unguja wana haki ya kuuliza mwana wao atakula nini. Wengi katika safari hii huishia kwenye takwimu, programu za kompyuta, benki, hali ya hewa na mawasiliano, kwa sababu anayeweza kuchuja nyota milioni moja anaweza kuchuja hesabu za kampuni yoyote.

Zamani kila hatua baada ya shahada ya kwanza ilimaanisha ndege ya Ulaya au Marekani. Siku hizi njia zimesogea. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha shahada ya kwanza ya elimu ya nyota na astrofizikia. Mbarara, Kigali na Addis Ababa zimesimamia shahada za juu, na mtandao wa utafiti wa astrofizikia wa Afrika Mashariki, ulioungwa mkono na mpango wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden, umewawezesha wanafunzi wa nchi moja kusimamiwa na mwalimu wa nchi nyingine. Agosti 2024 umoja wa kimataifa wa wanasayansi wa nyota ulifanya mkutano wake mkuu Cape Town, mara ya kwanza katika bara la Afrika tangu umoja huo uundwe mwaka 1919.

Tuje kwenye mlango.

Tanzania ina mfano unaojulikana: Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho kiliundwa kwa mtu asiyeweza kuacha kazi na nyumba kwenda kukaa bwenini, na kina vituo mikoani na visiwani. Mwalimu wa chuo cha namna hiyo hukutana na wanafunzi wake kwa vipindi, na baina ya vipindi hivyo uhusiano wao ni wa simu na maandishi. Dk. Jiwaji aliupanua mlango huo ukawafikia hata wasiokuwa wanafunzi wake. Kwa miaka mingi ameandika magazetini juu ya anga ya usiku, na kila panapotokea kimondo kikali au kupatwa kwa mwezi, waandishi wa habari humtafuta yeye, naye hujibu.

Siku iliyowakumbusha Watanzania kazi hiyo ilikuwa Septemba 1, 2016. Karibu na saa 6 mchana mwezi ulisimama katikati ya jua bila kulifunika lote, ukaacha pete ya moto iliyodumu kama dakika 3 katika sehemu za kusini mwa nchi. Rujewa, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, ilipokea wageni kutoka pembe nyingi, wanafunzi wakiwamo, na Dk. Jiwaji alikuwa mstari wa mbele kuwaeleza watu kwa nini tukio hilo linatokea na namna ya kulitazama bila kuumiza macho. Watoto waliokuwepo pale wengine sasa wako vyuoni. Huenda mmoja wao anasoma fizikia kwa sababu ya dakika zile.

Swali linaloulizwa kuliko yote hapa Zanzibar ni la mwezi mwandamo. Mtaalamu anaweza kusema mwezi ulipo angani kwa usahihi wa sekunde. Anaweza kusema pia kwamba mwezi ukiwa umeachana na jua kwa pungufu ya nyuzi 7 hivi, hilali haionekani hata kwa darubini. Kuamua lini saumu ianze ni kazi ya masheikh na ofisi ya Mufti, na profesa mwenye adabu huishia kwenye mpaka huo. Lakini anapoulizwa jioni ya tarehe 29 ya Shaabani, ajibu kwa lugha ambayo mtu wa Darajani ataielewa akiwa amesimama. Hilo nalo ni fundisho.

Na lipo jaribio ambalo mwalimu yeyote wa Unguja anaweza kulifanya kwa fimbo tu. Tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, jua huwa juu kabisa ya Makka, na saa zetu na za Makka ni sawa. Fimbo ikisimamishwa wima uwanjani, kivuli chake huelekea kinyume na kibla. Mwaka mrefu huwa tarehe 27. Julai 16 hurudia tena, saa 6 na dakika 27. Mwanafunzi akiuliza kwa nini Julai ni dakika 9 baadaye, tayari ameingia kwenye fizikia ya mzunguko wa dunia.

Kupatikana kwa profesa kuna upande wa haki pia. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu wa Cambridge, aliona alama ndogo ya ajabu katika mita nyingi za karatasi za vipimo vya redio, akaifuatilia. Ikawa pulsa, yaani nyota ya neutroni inayopiga kama mshipa, ya kwanza kugunduliwa. Nobel ya mwaka 1974 ilikwenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Bell hakutajwa. Mwaka 2018 alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, alizitoa zote kuwasomesha wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yanayosahaulika. Medali yenye jina lake, inayotolewa na chama cha wanasayansi wa nyota wa Ulaya, ilikwenda mwaka 2021 kwa Mirjana Pović, aliyetajwa hapo juu, kwa kazi yake na vijana wa Afrika. Mlango wazi unaomnyima mwanafunzi jina lake kwenye makala haujafunguliwa vya kutosha.

Iko lawama ambayo vyuo vyetu vinastahili. Kanuni za kupandisha vyeo huhesabu makala na fedha za miradi. Saa aliyokaa mwalimu na kijana aliyetoka Makunduchi kwa daladala haihesabiwi popote. Profesa anayefunga mlango ili aandike hupanda haraka kuliko anayeufungua. Baada ya muda vijana huzoea kutogonga, na mwalimu akistaafu hapatikani wa kumrithi. Saa za kuonana na wanafunzi zingepaswa kubandikwa mlangoni, zilindwe na mkuu wa idara, na ziandikwe katika maombi ya cheo kama yanavyoandikwa machapisho.

Mwanafunzi naye ana wajibu. Barua inayosema tu kwamba anapenda nyota na anaomba ufadhili ni vigumu kujibika, kwa kuwa profesa hupata nyingi za aina hiyo na haina pa kushika. Asome kwanza makala moja ya huyo anayemwandikia, hata akielewa robo. Atafute swali moja lililomkwamisha. Achote vipimo vya nyota mia moja kutoka orodha ya Gaia, achore grafu ya rangi na mng'aro, aiambatishe. Amwite kwa cheo chake, aandike mistari michache, na asipojibiwa baada ya wiki tatu akumbushe kwa upole. Kimya cha mwalimu mara nyingi ni wingi wa kazi. Hisabati na uandishi wa programu ajifunze mapema. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kinafundisha sayansi Tunguu, na tangu 2023 IIT Madras ya India ina kampasi Bweleo inayofundisha sayansi ya data, fani ambayo astrofizikia ya leo haiendi bila yake.

Nafasi nzuri ya kuanza inakuja. Jumatatu, Agosti 2, 2027, jua litapatwa kikamilifu kuanzia Hispania ya kusini hadi Misri, Jidda, Makka, Yemen na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor giza litazidi dakika 6. Unguja jua litamegwa sehemu tu, baada ya Adhuhuri. Skuli za Lumumba, Haile Selassie na Ben Bella zinaweza kupima kwa karatasi yenye tundu la sindano ni kiasi gani cha jua kimefunikwa kila baada ya dakika 5, kulinganisha na Pemba, Mombasa na Dar es Salaam, na kukokotoa wenyewe njia ya kivuli cha mwezi. Mwalimu wa fizikia anayelitaka jambo hilo aandike barua kwa profesa mwaka mzima kabla, aeleze ana wanafunzi wangapi na vifaa gani, na aombe saa mbili za mafunzo kwa walimu wenzake.